Jina la ukoo lilitoka wapi? Wazee, nyaraka, DNA na kamusi za majina vikilinganishwa

Mtu akiniuliza "jina letu la ukoo lilitoka wapi," huwa ameuliza maswali matatu kwa mkupuo mmoja. La kwanza ni la neno: jina lina maana gani, na ni la lugha ipi. La pili ni la mtu: nani wa kwanza kulibeba katika ukoo huu, lini, na akiishi wapi. La tatu ni la damu: hao wengine wenye jina kama letu ni ndugu zetu, au tumekutana jina tu?

Njia inayojibu swali moja vizuri yaweza kuwa bubu kabisa mbele ya lingine. Nimeona watu wakinunua kipimo cha DNA ili wajue maana ya jina, na wengine wakifungua kamusi ya majina wakitafuta ndugu. Wote walirudi mikono mitupu, wakailaumu njia badala ya swali. Kwa hiyo kabla ya kusoma ulinganisho huu, amua swali lako ni lipi kati ya hayo matatu.

Jina lenyewe lilipatikanaje?

Hili watu hulipita mbio, nalo ndilo linaloamua mengine yote. Kuna majina yaliyokua taratibu. Uingereza, mtu aliitwa kwa kazi yake, kwa mahali anapokaa, kwa jina la baba yake au kwa umbo lake, hadi katika karne za kati jina likaanza kushuka kwa watoto. China majina ya ukoo yana zaidi ya miaka 2,000, na koo nyingi zina vitabu vyao vya nasaba. Ule wa mwanafalsafa Confucius ulitoa toleo jipya la kitabu chake mwaka 2009, lenye majina ya watu zaidi ya milioni 2.

Halafu kuna majina yaliyokuja kwa amri. Uholanzi, chini ya Napoleon, kila mtu alitakiwa kuandikisha jina la ukoo mwaka 1811. Japani ililazimisha mwaka 1875. Uturuki ilipitisha sheria yake mwaka 1934, na jina Atatürk, la rais wa kwanza wa nchi hiyo, lilitolewa na bunge mwaka huohuo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ufilipino: mwaka 1849 Gavana wa Kihispania Narciso Clavería aliagiza watu wapewe majina kutoka kwenye katalogi iliyopangwa kwa alfabeti. Kurasa ziligawiwa kwa miji, na ndiyo maana kuna miji ambako majina mengi ya ukoo huanza na herufi ileile. Mfilipino mwenye jina la Kihispania akilifuatilia jina hilo hadi Hispania, anafuatilia katalogi, si babu zake.

Kama jina lako ni la amri, mwaka wa amri ndio ukuta wako. Lengo lako ni kufika kwenye daftari la mwaka huo na kuona nani alichagua au alipewa jina. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, unaliacha jina la ukoo na kufuata jina la mtu, mahali na kazi yake. Aisilandi hadithi ni nyingine kabisa: wengi hawana jina la ukoo la kurithi, kila kizazi hubeba jina la mzazi, kwa hiyo swali la pili halina hata maana kule.

Swali la damu nalo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Thailand, tangu sheria ya mwaka 1913, ukoo hauruhusiwi kujichukulia jina ambalo lina wenyewe, hivyo ukikutana na mwenye jina lako kuna uwezekano mkubwa ni ndugu. Korea Kusini, karibu mtu 1 kati ya 5 ni Kim, na Wakorea wenyewe hawaishii kwenye jina: huuliza ni Kim wa Gimhae au wa Gyeongju, maana hizo ni koo mbili tofauti.

Wazee

Njia hii ni ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo pekee isiyosubiri. Hufika vizazi vitatu au vinne, mara chache zaidi. Lakini ndani ya vizazi hivyo hutoa vitu ambavyo hakuna cheti kitakachokuambia: kwamba babu alikuwa na jina jingine kabla ya kuanza kazi, kwamba mmoja wa "kaka" zake alilelewa tu pale nyumbani, kwamba tawi fulani liliacha jina baada ya ugomvi wa urithi.

Udhaifu wake ni miaka na mpangilio. Mzee huunganisha watu wawili kuwa mmoja, au huruka kizazi bila kujua. Tena kuna hadithi zinazojirudia katika koo zisizojuana. Moja ni ile ya ndugu watatu waliosafiri pamoja, kila mmoja akashika njia yake. Nyingine, kwa koo zilizohamia Marekani, ni kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji, alishindwa kulitamka jina akaandika alichosikia. Kituo hicho kilifanya kazi kuanzia 1892 hadi 1954, na makarani wake walikuwa wakihakiki orodha za abiria zilizokwisha kuandikwa huko meli ilikoanzia safari. Waliobadilisha majina kwa kawaida ni wahamiaji wenyewe, baadaye, wakitafuta kazi au kutaka kufanana na majirani. Kwa hiyo hadithi ya mzee ichukue kama mwelekeo wa kutafuta. Usiiandike kwenye mti wa ukoo kama tukio lililothibitishwa.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko idadi ya maswali. Ukimuuliza "jina letu lina maana gani?" atakupa jibu lolote ili asikuangushe. Muulize: "Mama yake babu alipomwita kwa hasira, alimwitaje?" Au: "Kwenye barua zake, jina aliliandika vipi?" Mpe picha ya zamani mkononi, washa simu irekodi kwa ridhaa yake, kisha nyamaza. Akikosea mwaka, usimsahihishe, utamkata. Halafu nenda kwa mzee wa pili, wa tawi jingine, bila kumtajia alichosema wa kwanza. Pale simulizi zao zinapogongana ndipo pa kuanzia kufukua nyaraka.

Nyaraka

Hapa ndipo swali la pili, la mtu, hujibiwa kweli. Kanuni ni kurudi nyuma hatua moja moja: kutoka kwako kwenda kwa baba, kwa babu, kwa baba wa babu, kila hatua ikiwa na karatasi yake. Anayeanzia kwa mtu mashuhuri mwenye jina kama lake akashuka chini kumtafuta babu yake, atampata tu, kwa sababu ameamua kumpata.

Umbali utakaofika hutegemea nchi ilianza lini kuandika. Uingereza, maparokia yaliagizwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538. Usajili wa serikali ulianza Julai 1837, na sensa ya mwaka 1841 ndiyo ya kwanza ya kitaifa kuhifadhi majina ya watu wa kila nyumba. Mtaguso wa Trento, uliomalizika 1563, uliyataka maparokia ya Kikatoliki kuandika ndoa na ubatizo. Ufaransa ilihamishia kazi hiyo serikalini mwaka 1792.

Na kuna mashimo ambayo hakuna juhudi itakayoyaziba. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890 iliharibika kufuatia moto wa 1921. Hifadhi ya nyaraka ya Ireland pale Four Courts, Dublin, iliteketea Juni 1922 ikiwa na karne nyingi za kumbukumbu. Kwa Wamarekani waliotokana na watumwa kuna ukuta wa 1870: hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika wengi wao kwa majina. Majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 yana jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi tu, mstari baada ya mstari. Hapo jina la ukoo linakuwa mwongozo wa mashaka. Wengine walibeba la mmiliki wa mwisho, wengine la mmiliki wa zamani zaidi, wengine walijichagulia wenyewe walipopata uhuru. Kumbukumbu za ofisi ya serikali iliyohudumia walioachwa huru, za 1865 hadi 1872, ndizo mara nyingi huwaunganisha watu na majina yao.

Kikwazo cha kila siku, hata hivyo, si moto. Ni tahajia. Karani aliandika alichosikia, na mtu yuleyule aweza kuwa na tahajia tatu katika vyeti vitatu. Ndiyo maana hazina nyingi za kumbukumbu hutafuta kwa sauti. Mfumo wa zamani unaojulikana zaidi ni Soundex, uliopata hataza Marekani mwaka 1918. Hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu pamoja na h, w na y, na kuzipa konsonanti zenye sauti za kukaribiana tarakimu moja. Chukua Smith: S inabaki, m ni 5, t ni 3, na sifuri inajazia nafasi iliyobaki. Unapata S530. Sasa Schmidt: c inamezwa na S kwa kuwa ni za kundi moja, m ni 5, d ni 3, t ni ya kundi la d nayo inamezwa. S530 tena. Lakini Cohen ni C500 na Kohn ni K500, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Kama jina lako laweza kuanza kwa herufi mbili tofauti, tafuta mara mbili.

Mtandaoni, chaguo kubwa ni kati ya bure na kulipia. FamilySearch ni ya bure. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mizizi yake ni chama cha nasaba kilichoanzishwa Utah mwaka 1894. Kilianza kupiga picha nyaraka kwa mikrofilamu (filamu za picha ndogondogo) mwaka 1938, na kazi ya kuzigeuza mikrofilamu hizo kuwa za kidijitali ilimalizika 2021. Uzuri wake ni wingi na upana wa nchi. Ugumu wake ni kwamba picha nyingi bado hazina faharasa inayoaminika: unafungua daftari na kulipitia ukurasa kwa ukurasa. Mti wake ni mmoja wa dunia nzima, na yeyote anaweza kubadilisha ulichoandika kuhusu babu yako. Mara ya kwanza utakasirika.

Za kulipia, Ancestry ina nguvu zaidi kwa Marekani, Findmypast kwa Uingereza na Ireland, MyHeritage kwa wenye matawi mengi barani Ulaya. Humo kila mtu ana mti wake, na hapo pana mtego wake. Mimi nilianza vibaya: kwa wiki moja nilijenga vizazi saba kwa kunakili miti ya wengine, nikajiona bingwa, mpaka nilipotazama tarehe na kukuta mama mmoja amejifungua miaka mitatu baada ya kuzikwa. Watu kumi na wawili walikuwa na kosa lilelile, kila mmoja akimtaja mwenzake kama ushahidi. Siku hizi miti ya wengine naisoma kama uvumi, nafungua picha ya waraka wenyewe, na natazama hadi majina ya mashahidi na wasimamizi wa ubatizo, maana shemeji na wajomba hujificha humo.

Ushauri wangu wa fedha: anza na ya bure, andika orodha ya maswali yaliyokushinda, kisha lipia mwezi mmoja tu na ufanye kazi usiku na mchana. Maktaba nyingi za umma na vituo vya FamilySearch hutoa nafasi ya kutumia hazina za kulipia bila malipo, ukienda mwenyewe.

DNA

Njia hii ndiyo inayotangazwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Kipimo ambacho wengi hununua ni kile cha pande zote za uzazi. Hupata binamu hai, kina nguvu kwa vizazi vitano au sita hivi, na hakijali jina lako hata chembe. Zile asilimia za maeneo ya dunia zinazokuja nacho hazijibu hata swali moja kati ya yale matatu. Kipimo cha mitokondria hufuata mama, bibi mzaa mama, mama yake, na kuendelea, yaani mstari ambao jina la ukoo kwa kawaida haliufuati.

Kinachofuata jina ni kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kwa hiyo anayepimwa lazima awe mwanamume wa mstari huo. Mwanamke anayetafuta jina la kwao humwomba baba, kaka, baba mdogo au mkubwa, au mtoto wa kiume wa hao. FamilyTreeDNA, iliyoanza mwaka 2000, ndiyo yenye miradi mingi ya majina, ambako wenye jina moja hulinganisha alama (sehemu maalumu za kromosomu hiyo) 37, 111 au zaidi. Ukoo ambao jina hupita kwa mama, au ambao babu aliasiliwa, usitegemee Y kulieleza jina.

Je, Y hufanya kazi? Kwa jina adimu, ndiyo, tena vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walionyesha kwamba wanaume Waingereza wenye jina adimu mara nyingi wana Y za kufanana, wakati wa jina kama Smith hawafanani kuliko watu wowote waliookotwa barabarani. Ina maana mwenye jina la kawaida sana anaweza kulipa na kupata orodha tupu, au orodha ya watu wenye majina mengine kabisa.

Kamusi za majina, ramani na ngao

Hii ni njia ya swali la neno, na itumie kwa hilo tu. Smith wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani, Lefebvre wa Ufaransa, Ferrari wa Italia na Kovács wa Hungaria wote ni wahunzi. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo maana hiyo haikuambii ulitoka kwa yupi. Kamusi nzuri hutaja tahajia za kale na mwaka ziliponukuliwa. Ile inayotoa sifa tu ("watu wa jina hili ni jasiri") irudishe rafu.

Ramani za mtawanyiko zina faida zaidi ya watu wanavyodhani, hasa zile zinazotumia sensa ya Uingereza ya 1881. Jina adimu likionekana limerundikana katika wilaya mbili, umejua ni daftari za wapi za kufungua kwanza. Vyeti vya "ngao ya ukoo wako", yaani nembo iliyochorwa kwenye ngao, ni pambo. Uingereza, ngao hutolewa na College of Arms, ofisi rasmi ya nembo hizo, kwa mtu na uzao wake halali. Hakuna ngao ya jina.

Kwa hiyo uchague ipi?

Ukitaka maana tu, kamusi nzuri na jioni moja vinatosha. Hakikisha tu kwamba babu zako walizungumza lugha ambayo kamusi inaizungumzia, kwa sababu jina laweza kufanana na neno la lugha jirani kwa bahati.

Ukitaka kumjua mwenye jina wa kwanza, wazee kisha nyaraka, kwa mpangilio huo. Ukiwa na mzee mmoja aliyebaki na punguzo la kipimo linaloisha kesho, nenda kwa mzee. Punguzo litarudi.

Ukitaka kujua kama ukoo mwingine wenye jina lako ni ndugu, na jina si la kawaida, kromosomu Y inafaa kuliko yote, lakini baada ya pande mbili kuwa na karatasi hadi angalau baba wa babu. Bila karatasi utaambiwa mna babu mmoja, na hutajua ni nani wala aliishi lini.

Faragha ipime kabla, maana matokeo ni ya ndugu zako pia. Mwaka 2018 polisi wa California walimpata muuaji waliyemsaka kwa miongo kupitia ndugu zake waliokuwa GEDmatch, tovuti ya kulinganisha matokeo ya DNA. Mwaka 2025 kampuni ya vipimo vya DNA ya 23andMe iliomba ulinzi wa mufilisi, wateja wakabaki wakijiuliza nani atamiliki data zao. Ufaransa, kujipima DNA kwa ajili ya nasaba tu ni kosa kisheria.

Na linabaki suala la karatasi na damu kukataana. Ilimtokea hata mfalme. Mifupa ya Richard III wa Uingereza, aliyekufa vitani 1485, ilipatikana Leicester mwaka 2012. Mitokondria ililingana na ya uzao wa dada yake. Y yake haikulingana na ya wanaume watano hai ambao karatasi ziliwaweka katika mstari mmoja naye. Zaidi ya hapo, wanne kati yao walilingana wao kwa wao, na wa tano hakulingana hata na hao. Mahali fulani kwenye mti, zaidi ya mara moja, baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa.

Ikikutokea wewe na mwenzako ambaye karatasi zinasema mna babu mmoja, usifute mti. Mtafute mwanamume wa tatu, aliyetoka kwa mwana mwingine wa babu yuleyule, naye apimwe. Akilingana na wewe, mpasuko uko upande wa yule mwenzako. Akilingana na mwenzako, uko upande wako, na unaweza kuusogelea kizazi kwa kizazi. Asipolingana na yeyote, mnahitaji wa nne. Kabla hujampa kila mmoja wao kifaa cha mate, mwambie waziwazi kinachoweza kujitokeza, na akikataa, mwachie.